Ni ukali uliokosekana, au kontrasti?

Picha ikitoka imepauka, lawama ya kwanza huwa "lenzi hii si kali". Mara nyingi inasingiziwa. Ikuze picha hadi asilimia 100, uangalie kope za jicho. Kila kope ikionekana peke yake lakini weusi wake umegeuka kijivu, ukali upo. Kilichopungua ni kontrasti, yaani tofauti kati ya weusi na weupe. Kope zikiwa nyeusi tii ila zimeshikana kama wanja uliovujika, hapo ukali ndio haupo.

Kontrasti huliwa na mwanga unaozurura ndani ya lenzi. Uso mmoja wa kioo kisicho na utando hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga. Vioo 6 vilivyoachana vina nyuso 12, hivyo kinachopenya hadi mwisho ni kama asilimia 61 tu. Sehemu ya mwanga uliorudishwa hudundadunda humo ndani, kisha huangukia kwenye vivuli na kuvipausha. Dawa yake ni utando wa kupunguza mng'ao, ambao Alexander Smakula wa kampuni ya lenzi ya Zeiss aliuvumbua mwaka 1935. Hata hivyo, alama moja ya kidole kwenye kioo cha mbele, au filta duni, inatosha kuharibu picha ya mtu aliyekaa mbele ya dirisha. Futa kioo, vua filta, funga hudi (kikinga mwanga cha mbele ya lenzi), piga tena. Malalamiko mengi huishia hapo.

Ukali una mambo yake. Tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, tuseme f/1.8 (namba ikipanda, tundu hupungua), lenzi nyingi huacha ukungu mwembamba kwenye kingo za vitu. Kwa kawaida f/5.6 hadi f/8 ndipo zinapong'ara. Ukifika f/16 na kuendelea, mwanga hupinda kwenye ukingo wa tundu na ukali hushuka tena (wapenzi wa f/22 kwa mandhari, mnajipunja wenyewe).

Kupima: bandika gazeti ukutani, kamera kwenye stendi ikitazamana nalo sawasawa, zima kitulizi cha mtikisiko, weka taima ya sekunde 2. Piga f/1.8, f/4, f/8 na f/16. Pembe moja tu ya picha ikififia huku nyingine tatu ziko safi, huenda kioo kimojawapo kimekaa upande. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kontrasti iliyopungua huokolewa kwenye programu kwa kushusha kiwango cha weusi ili vivuli viwe vyeusi tena, ingawa chenga (vidoadoa) zitajitokeza vivulini. Ukali uliokosekana haurudi: ukiulazimisha, unapata mistari myeupe kuzunguka kila kope.