Siku Moja na Magari Yaliyogoma Kuwaka

Saa 1:30 asubuhi simu huwa imekwisha kulia, kwa sababu gari likiamua kugoma hugoma asubuhi, mwenyewe akiwa amekwisha kuvaa na amechelewa. Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Kabla sijagusa spana humwuliza mteja: ukizungusha ufunguo, unasikia nini? Wengi hukereka, maana wanataka kuona boneti limefunguliwa na fundi ameinama. Hata hivyo, jibu lao huniondolea nusu ya kazi. Injini isipozunguka, natafuta kwenye betri, nyaya, swichi na starta, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Ikizunguka vizuri lakini isiwake, hizo hazina hatia, na natafuta mafuta, cheche au sensa. Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama vile haina mzigo, huingiwa na wasiwasi, kwa kuwa huenda mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, umekatika, na hiyo ni habari ya kumpa mtu akiwa ameketi.

Saa 2:15 nilikuta betri yenye volti 11.4 kwa sababu taa ya ndani ilikesha ikiwaka. Nikaiunga na betri nyingine, gari likawaka, nikahakikisha alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwa inawaka, inatoa volti 14.1, nikaondoka. Saa 3:20 lilikuja gari ambalo pampu yake ya mafuta haikuvuma ufunguo ulipofunguliwa. Kosa lilikuwa relei, swichi ya umeme inayoiwasha pampu.

Saa 4:00 likaletwa gari linalovutwa kwa kamba. Mwenyewe, mzee mmoja mwenye haraka, alishuka na hukumu mkononi. Betri ilikuwa mpya, starta ilikuwa mpya, vyote vikiwa vimefungwa kwa ushauri wa fundi aliyetangulia, na bado gari lilitoa mlio wa ta-ta-ta-ta bila injini kuzunguka.

“Fundi, hii ni kompyuta ya gari. Tafuta kompyuta nyingine tumalize.”

“Mzee wangu, niruhusu nipime kwanza.”

“Upime nini, na betri nimenunua juzi?”

Nilipima betri ikiwa imetulia, nikapata volti 12.6, yaani imejaa. Kisha nilihitaji mtu wa kuzungusha ufunguo wakati macho yangu yako kwenye mita, nikamwomba mzee aketi kwenye usukani. Nakiri kwamba nilitaka pia aondoke begani kwangu. Hakunyamaza. Alimpigia simu yule fundi wa kwanza, akaweka sauti ya juu, na wote wawili wakawa wananielekeza niigonge starta kwa nyundo. Nilimwambia azungushe ufunguo. Mlio ukatoka, lakini volti za betri hazikushuka chini ya 12, na hapo ndipo nilipopata la kushika. Betri mbovu ingeporomoka, na hata iliyo nzima hushuka starta inapovuta umeme wake mwingi. Hii haikushuka, maana yake umeme haukuwa ukipita. Kulikuwa na kizuizi njiani.

Niliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma tupu cha injini, nikaomba ufunguo uzungushwe tena. Mahali hapo mita haipaswi kuzidi nusu volti. Namba ziliruka hadi 8. Nikachukua waya mnene, nikaunga hasi ya betri moja kwa moja na injini, na injini ikawaka kwa mkupuo mmoja. Mzee alipiga makofi, akafunga mkanda, akataka kuondoka.

Ilinichukua muda kumshusha. Waya wa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye gia boksi, ulikuwa chini kabisa, umefunikwa na matope yaliyochanganyika na oili. Kwa juu ulionekana mzima. Nilipofungua boliti, unga wa kijani ulinimwagikia usoni na nyuzi zikabaki kiganjani mwangu, isipokuwa chache zilizokuwa zimeshikilia kila kitu. Nilikwangua rangi na kutu hadi chuma kikang’aa, nikafunga waya mpya, nikapaka grisi juu ya kiungo.

“Waya tu?” aliuliza nilipomtajia bei, na tukabishana kwa muda mrefu kuliko ule wa kuufunga. Betri na starta alizilipia bila neno, kwa kuwa zilikuja ndani ya maboksi.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Mgongo ulikuwa unauma, na lililobaki lilikuwa gari la ubishi, linalowaka likiwa baridi na kuzimika likipata moto. Gari la namna hiyo halipimwi likiwa bado linafanya kazi vizuri. Niliacha injini ikiunguruma, nikakaa kando yake nikisafisha vifaa, mchana wote, hadi ilipozima yenyewe. Nilipopiga starta, injini ilizunguka, plagi hazikutoa cheche, na mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi haukutikisika hata kidogo. Nikaimwagia maji kidogo sensa ya krenki, ile inayoiarifu kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka, ili ipoe, na gari likawaka papo hapo. Sensa ilibadilishwa jioni, kwa mwanga wa tochi.

Mwenye gari alipiga simu kuuliza kwa nini kazi ya sensa moja imekula mchana mzima. Nilimweleza kwamba nilikuwa naisubiri iharibike.

“Na huko kusubiri utanitoza?”

Nikamwambia ndiyo.