Nilidhani navijua vipaumbele vyangu mpaka nilipoanza kuviandika

Dada yangu aliniuliza siku moja tukiwa tunapiga stori tu, hivi wewe kwenye maisha yako kitu gani ni muhimu kuliko vyote, na mimi bila hata kufikiri nikamjibu familia, halafu afya, halafu kazi. Akacheka. Akaniambia haya, hiyo familia yako mara ya mwisho umeipigia simu lini, maana leo nimekupigia mimi na juzi nilikupigia mimi. Nikaanza kujitetea nipo bize sana siku hizi, unajua mambo mengi, na yeye akanyamaza tu, na kile kimya chake bwana kilinikera wiki nzima.

Basi nikachukua daftari. Sio programu ya simu wala nini, daftari la kawaida, nikasema siku 7 naandika kila kitu ninachofanya na muda kilichochukua, bila kujidanganya na bila kujirekebisha kwanza. Wiki ina saa 168, hiyo haiongezeki hata uwe nani. Nikitoa usingizi wa saa 7 kwa usiku zinaondoka 49, kazi inayonilipa ikala 45, zikabaki 74. Safari za kwenda na kurudi, kufua, kupika, kuoga, foleni za hapa na pale, tuseme 20. Kwa hiyo nilikuwa na saa 54 hivi za kwangu, na mimi ndio yule yule anayewaambia watu kila siku sina muda.

Zilienda wapi? Simu saa 26. Hapo nilibisha kabisa nikajua nimekosea kujumlisha, nikaenda kwenye mipangilio ya simu inayoonyesha muda wa skrini nikakuta ndio hivyo hivyo, karibu saa 4 kwa siku, na sio kwamba nilikaa nikasema sasa naperuzi, hapana, ni dakika 5 hapa, 10 pale, nasubiri maji yachemke naingia, natoka chooni naingia. Na ile familia yangu namba moja? Saa 1 na dakika 40 kwa wiki nzima, na ndani yake kuna dakika 30 ambazo mama alikuwa anaongea na mimi najibu mm, mm, huku nasoma ujumbe wa mtu mwingine.

Ila simu sio kisa chenyewe, ya simu kila mtu anaijua na nisingeandika posti nzima kwa ajili hiyo. Kilichonishangaza ni zile saa 28 zilizobaki, maana hazikuwa za upuuzi. Zilikuwa za mambo mazuri kabisa! Kamati ya watu tuliosoma wote, mimi ndio katibu. Kozi ya mtandaoni niliyoilipia mwaka juzi nikakwama somo la 4, kila wikiendi nafungua, naangalia, nafunga. Ukurasa wa biashara ya rafiki yangu niliosema nitamsaidia mwezi mmoja, sasa mwaka wa pili. Gitaa. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ukimwambia mtu atakuambia acha, na ndio maana nilikuwa sijawahi kukiacha hata kimoja.

Nikaingia kutafuta namna ya kupanga, nikakutana na ile ya maboksi manne, unagawa mambo yako kwa kuangalia lipi la haraka na lipi muhimu. Asili yake ni Eisenhower, yule rais wa Marekani, ambaye kwenye hotuba ya mwaka 1954 alisema matatizo yapo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, kwamba yale ya haraka sio muhimu na yale muhimu huwa hayana haraka, na hata yeye alisema ni maneno ya mkuu mmoja wa zamani wa chuo, sio yake. Baadaye watu wakaja kuchora maboksi. Na mimi nikachora, nikajaza, na kila kitu changu kikaangukia boksi moja, haraka na muhimu!! Kamati huko, ukurasa wa rafiki huko, barua pepe huko. Kwa sababu nilikuwa najaza kwa woga, nikimfikiria nani atachukia nisipofanya.

Kwa hiyo nikaachana na maboksi nikabaki na swali moja, hii haraka kaniwekea nani? Niliandika jina mbele ya kila jambo. Aisee. Karibu mambo yote ya haraka yalikuwa na jina la mtu mwingine, na mambo mawili niliyosema ni muhimu, mama na mgongo wangu unaouma kwa kukaa, hayakuwa na haraka ya mtu yeyote, mama hawezi kunitumia ujumbe wa kunikumbusha dedilaini yake. Yule asiyesumbua ndiye anayesukumwa mwisho wa foleni, ndivyo nilivyokuwa naishi.

Swali la pili lilinisaidia zaidi kwenye yale mambo mazuri. Kuna jaribio lilichapishwa mwaka 1990 na watafiti watatu, Kahneman, Knetsch na Thaler, waliwapa baadhi ya wanafunzi vikombe, vikombe tu vya kawaida, halafu wakawauliza mtauza shilingapi, na wale ambao hawakupewa wakaulizwa mtanunua shilingapi, na wenye vikombe walitaka bei kama mara mbili ya ile wenzao walikuwa tayari kutoa. Kikombe kile kile, umekishika dakika chache tu tayari kimepanda thamani. Sasa fikiria ukatibu niliokaa nao miaka 3. Kwa hiyo badala ya kujiuliza niache au nisiache, nikawa najiuliza kama leo nisingekuwa nacho ningekitafuta? Ukatibu, hapana, ningemkimbia hata anayeniomba. Kozi, hapana, yule mtu aliyekuwa anaitaka sio mimi tena. Ukurasa wa rafiki, hapana, ila yeye mwenyewe namtaka, na hapo ndio nikagundua kwamba kwa miezi mingi tunaongelea ukurasa tu hatuongelei kingine.

Kuacha sasa. Ujumbe wa kujiuzulu ukatibu niliuandika nikafuta, nikauandika tena na sababu 5, nikafuta, mwisho nikabaki na sentensi mbili, nashukuru na kuanzia mwisho wa mwezi sitaweza kuendelea, kumbukumbu zote nitamkabidhi atakayechukua. Nikatuma nikaiweka simu kifudifudi kama mtu aliyerusha jiwe kwenye mzinga. Narudi baada ya nusu saa nikitegemea vurugu, nikakuta vidole gumba 9 na mtu ameshajitolea kuchukua nafasi. Ndani ya dakika kumi tu za kutuma! Naomba niseme ukweli, iliniuma. Nilikuwa nimejiaminisha bila mimi pale patasambaratika, na nadhani sehemu kubwa ya ubize wangu ilikuwa ni raha hiyo ya kuhitajika, ambayo mtu huwezi kuiandika kwenye orodha ya vipaumbele kwa sababu inatia aibu.

Halafu kosa nililofanya, sikuupangia kitu ule muda uliopatikana. Mwandishi mmoja Mwingereza, Parkinson, aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopo, na kwangu ilitanuka simu. Wiki ya kwanza bila kamati nilikuwa na jioni mbili nyeupe na zote nilizimaliza nimelala kwenye kochi naangalia watu nisiowajua wakipanga makabati yao (mimi na video za kupanga makabati tuna historia, nguo nimezigawa mara tatu na maisha yalibaki vile vile yamejaa).

Ndio nikajua neno familia ni kubwa mno, huwezi kuliweka kwenye ratiba. Nililivunja mpaka likawa kitendo chenye siku yake. Jumapili asubuhi naongea na mama na sifanyi kingine, hata vyombo sioshi. Jumatano nampigia dada, mimi ndio napiga. Afya nikaifanya kutembea dakika 40 kabla ya kazi, siku 4, basi, sio mazoezi ya kubadilisha mwili. Na kazi inayonilipa nimeiacha kwenye orodha japo haina mvuto wowote, maana bila hiyo haya mengine hayasimami. Ni hayo matatu. Kikija kitu kipya nauliza kitakaa juu ya lipi kati ya haya, na mara nyingi jibu linakuja haraka kuliko nilivyozoea.

Najua kuna mtu anasoma hapa ana mtoto mdogo, mzazi anaumwa na zamu ya usiku, na hizo saa 54 kwake ni hadithi. Mtu huyo simwambii apunguze kitu, nadhani kwake swali ni nani mwingine abebe, na hilo sina uzoefu nalo.

Kwangu bado haijakaa sawa. Simu imeshuka mpaka saa 15, kuna wiki inapanda. Rafiki yangu hakujibu siku nne nilipomwambia ule ukurasa basi, siku ya tano akanitumia picha ya paka wake, sijui ndio msamaha au vipi, tumeendelea tu kuanzia hapo. Mama ameshazoea Jumapili, nikichelewa dakika kumi anapiga yeye.

Na gitaa. Swali la kikombe nimeliuliza mara kama nne na jibu ni lile lile, nisingelitafuta. Bado liko nyuma ya mlango, na jana nimelifuta vumbi.