Tanzania si mwanachama, lakini fedha za Horizon Europe tumezipata

Malipo ya kwanza ya mradi wetu wa sumukuvu, yaani sumu za ukungu kwenye nafaka, yameingia benki wiki iliyopita kutoka Horizon Europe, programu ya Umoja wa Ulaya ya kufadhili utafiti. Mhasibu alinipigia simu mara mbili kuuliza kama kweli ni yetu. Ni yetu, na naandika haya kwa sababu kwa miaka miwili niliaminishwa kwamba haiwezekani.

Aliyeniaminisha ni mkubwa wangu kazini, mtu ninayemheshimu. "Dada, zile hela ni za Wazungu wenyewe. Sisi si wanachama. Ukibahatika utaalikwa, ila utajilipia." Nikakubali. Andiko la kwanza la kuomba fedha tuliingia kama mshirika asiyelipwa. Kwenye jedwali la bajeti kila taasisi ilikuwa na tarakimu zake, sisi sifuri tupu, kuanzia posho mpaka mafuta ya gari, na kazi ya kuzunguka vijijini kuchukua sampuli ilikuwa yetu! Andiko likakataliwa. Watathmini waliandika kwamba haijulikani kazi ya Tanzania itafanyika kwa fedha gani. Usiku ule sikulala.

Ndipo nikauchukua mwongozo wa programu na kuusoma mwenyewe. Kumbe nchi za kipato cha chini na cha kati, hata kama si wanachama wala hazina mkataba wa kujiunga, taasisi zake zinalipwa kama za Ulaya. Orodha imo humo humo: Tanzania tumo, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wamo. Wanaotakiwa kwa kawaida kujilipia ni nchi tajiri zisizo na mkataba, kama Marekani. Uingereza nayo, baada ya kutoka kwenye Umoja, ilirudi kwa mkataba kuanzia 2024.

Sharti ni kwamba kundi liwe na taasisi 3 za nchi 3 tofauti, wanachama au waliojiunga kwa mkataba, na angalau moja iwe ya nchi mwanachama. Wewe unakuja juu ya hao watatu. Tena ipo miito ya maandiko inayodai waziwazi washirika kutoka nchi za Umoja wa Afrika. Anza na hiyo.

Sasa, hao watatu utawapata wapi? Hapa ndipo ninapojivunia. Niliingia CORDIS, hifadhi ya wazi ya miradi iliyowahi kufadhiliwa, nikatafuta yote ya sumu za ukungu kwenye nafaka na kuandika majina ya waratibu kwenye daftari. Barua za mwanzo niliandika "tunaomba kushirikishwa". Hakuna aliyejibu. Nikabadilisha. Nikaweka ramani ya vijiji vya Chemba na Kiteto tulivyochukua sampuli tangu yale maafa ya 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu, na chini yake sentensi moja: sampuli hizi tunazo, na wanakijiji wanatufahamu. Majibu mawili yalikuja ndani ya siku nne. Usiombe nafasi, onyesha ulichonacho ambacho wao hawawezi kukipata bila wewe.

Namba ya PIC, ile ya tarakimu tisa inayoitambulisha taasisi yako kwenye programu, usikimbilie kusajili mpya. Tafuta kwanza kwenye rejista. Yetu ilikuwepo, imesajiliwa miaka ya nyuma na mtu aliyekwisha kustaafu, na kurekebisha jina lilingane na cheti cha usajili kulitula karibu mwezi mzima.

Kwenye bajeti nilibishana tena, safari hii na ofisi ya fedha. Walitaka tuandike gharama za safari tu "tusionekane wenye tamaa". Nikawaonyesha kwamba programu yenyewe inaongeza asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya umeme, intaneti, hata mlinzi wa getini, isipokuwa kwenye vitu kama kazi unayompa mkandarasi. Kukataa ni kuihujumu taasisi yako.

Mwisho wa kupokea maandiko ni saa 11 jioni ya Brussels. Msimu wao wa joto kwetu ni saa 12 jioni, msimu wa baridi saa 1 usiku. Mwambie mratibu awasilishe toleo la awali siku mbili kabla, maana unaweza kuwasilisha tena na la mwisho ndilo linalohesabika. Letu tuliliwasilisha mara tatu.

Jumatatu tunakwenda Kiteto kuchukua sampuli kabla mahindi hayajaingia ghalani. Mafuta ya gari yamo kwenye bajeti.