Meza ya siku tatu

Marseille, 27 Desemba

Jioni hii tunaondoa meza. Huku Provence, kusini mwa Ufaransa, vitamu 13 vya Noeli hukaa mezani siku tatu, kuanzia usiku wa tarehe 24 hadi leo, na kila apitaye anachukua anachokitaka, saa anayoitaka. Siku tatu nzima hakuna mtoto aliyeambiwa asubiri hadi amalize chakula. Zimebaki jozi, tende chache, chenza, na lile pande la nugati nyeusi, peremende ngumu ya asali na lozi, ambalo wakubwa wote wanaliogopa kwa sababu ya meno yao.

Nikiwaambia ndugu zangu wa Bagamoyo kwamba tumesherehekea Kifaransa, wao huona shampeni, ini la bata na keki yenye umbo la gogo. Hivyo vipo, na madukani hapa vimejaa tangu Novemba. Lakini Noeli niliyoikuta kwa wakwe zangu, watu wa Aubagne, ni Noeli ya ghalani. Ni yale ambayo mkulima wa kusini alivuna kiangazi na vuli, akayaanika, akayatundika darini na kuyawekea subira: lozi, jozi, tini, zabibu, asali, mafuta ya zeituni, na tikiti la kijani lililolazwa juu ya majani makavu hadi Desemba. Utajiri wake wote ni kwamba kuna mtu aliyeviweka akiba bila kuvigusa. Ndiyo maana naipenda kuliko karamu yoyote ya hotelini niliyowahi kualikwa.

Na inaanza mapema. Tarehe 4 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, tunaotesha ngano katika visahani vitatu, juu ya pamba iliyoloweshwa maji. Duka la mikate la mtaani kwetu huuza vipakiti vya ngano hiyo, na fedha zake huenda kwa watoto wenye shida. Ikiota wima na kijani, mwaka utakuwa wa heri; wazee wana msemo wao wa hilo kwa lugha ya Kiprovansi. Mwanangu wa kike huikagua kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Maji yakizidi inaoza, yakipungua inakuwa njano, kwa hiyo nyumba nzima inajifunza kipimo. Kufikia mkesha inakuwa ndefu kama kiganja, tunaifunga utepe mwekundu na kuiweka mezani.

Baada ya ngano linafuata pango la kuzaliwa Yesu. Sanamu zake ni za udongo, zinaitwa santons, na historia yake inanigusa kila mwaka. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa makanisa yalifungwa na misa ya usiku wa Noeli ikakatazwa, basi watu wakaliingiza pango majumbani mwao. Fundi mmoja wa hapa Marseille, Jean-Louis Lagnel, akatengeneza kalibu za kufyatulia sanamu ndogo za udongo, za bei ambayo hata mvuvi aliimudu. Soko la sanamu hizo hapa mjini lilianza 1803 na hadi leo halijakoma. Wanaokwenda kumwona Mtoto si wachungaji wa Bethlehemu peke yao, ni kijiji kizima cha Provence: muuza samaki na kapu lake, mnoa visu, msaga unga, mpiga ngoma na filimbi, kipofu anayeongozwa na kijana wake. Yupo pia Ravi, aliyeinua mikono yote miwili juu. Yeye hakuleta zawadi yoyote. Amekuja kufurahi tu, na nafasi yake haikosi.

Ravi wetu alikuwa wa mama mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa akimweka, hakuna aliyethubutu kumtangulia. Mama alituacha mwezi wa Oktoba. Mwaka huu Ravi amewekwa na mjukuu wake wa mwisho, ambaye alimsogeza mbele kabisa, akawapita hata ng'ombe na punda, na tukamwacha hapohapo. Mtoto Yesu hulazwa usiku wa manane wa tarehe 24. Mamajusi wako mbali bado, juu ya rafu ya vitabu. Watoto wanawasogeza hatua kidogo kila siku, wafike tarehe 6 Januari.

Mlo wa mkesha unaitwa gros souper, mlo mkubwa, na hauna nyama kabisa. Huliwa kabla ya kwenda misa. Kwa desturi ni vyakula saba, kwa heshima ya mateso saba ya Bikira Maria, juu ya vitambaa vitatu vyeupe vilivyotandikwa kimoja juu ya kingine, na mishumaa mitatu, na vile visahani vitatu vya ngano. Tulikula supu ya kitunguu saumu, dengu zilizochemshwa na kutiwa mafuta ya zeituni, spinachi, koliflawa, karoti, konokono kwa wanaowaweza (mimi siwawezi), na morue, yule samaki wa chumvi ambaye nyumbani ningemwita ng'onda na hakuna ambaye angenibishia. Anataka kulowekwa tangu jana yake na kubadilishiwa maji mara kwa mara. Familia hii humpika kwa mchuzi wa divai nyekundu, lakini mimi nilimpika kwa nyanya na zeituni nyeusi, kwa sababu ya mgeni wetu.

Mgeni huyo ni bibi wa ghorofa ya chini. Ni Mngazija, na mji huu una Wangazija wengi mno. Lakini utoto wake aliukulia Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake kinanipita mimi kwa mbali. Mezani kwa desturi huwekwa sahani moja zaidi, ya maskini au ya mpita njia yeyote. Mama mkwe ndiye aliyeanza kusema kwamba sahani isikae bure ilhali kuna mtu anakula peke yake chini yetu. Bibi alipoingia nilimpokea kwa shikamoo, akaitikia, akatazama sufuria moja baada ya nyingine.

"Hamna nyama humu?"

"Hamna, bibi. Leo hatuli nyama."

"Kwa hiyo mmefunga, na hii ndiyo futari."

Sikuwa na la kumrekebisha. Kwenye mfuko wake alikuwa na tende, na tende ni moja ya vitamu 13.

Kabla ya kukaa kuna cacho-fio. Mkubwa kuliko wote na mdogo kuliko wote hushika pamoja gogo la mti wa matunda, wakaizunguka meza mara tatu, gogo likamiminiwa divai na kutiwa motoni. Sisi tunaishi kwenye fleti, moto wa kuni hatuna, basi tunatumia tawi la mpea kutoka shamba la binamu, na tunalilaza kwenye sinia kati ya mishumaa. Mzee ndiye husema maneno. Yanaomba furaha, yanaomba kuuona mwaka ujao, kisha yanamalizia hivi: tusipoongezeka, basi tusipungue.

Mume wangu alitaka maneno hayo yaachwe mwaka huu. Walizungumza jikoni, yeye na baba yake, nami nilikuwa namenya vitunguu saumu nikisikia yote. Alimwambia, baba, tumeshapungua, tutasemaje? Baba mkwe akajibu kwamba maneno hayo yalitungwa na watu waliokwisha kupungua. Ambaye hajapungua hana haja nayo. Akatoka, akalishika tawi upande mmoja, mdogo wetu akashika upande wa pili, wakazunguka. Aliyasema yote kwa Kiprovansi, taratibu, hadi neno la mwisho. Bibi, ambaye hakuelewa neno hata moja, alisema amin.

Tulipokwenda misa hatukuondoa vyombo. Zamani meza iliachwa hivyo usiku kucha, ncha za kitambaa zikikunjwa juu ili pepo wabaya wasipate pa kupandia, na makombo yakiachwa kwa ajili ya roho za wazee wa nyumba. Mama mkwe alizikunja ncha hizo kila mwaka, kwa mazoea tu, kama anavyofunga mlango. Safari hii nilizikunja mimi, na nilikuwa na maana yangu nilipozikunja.

Vitamu 13 hufunguliwa baada ya misa. Wanasema ni Yesu na mitume wake 12. Desturi ya matunda mengi mezani ni ya zamani sana. Padri François Marchetti wa hapa Marseille aliandika juu ya mikate 13 ya Noeli mwaka 1683. Hesabu ya 13 kwa vitamu vyenyewe ilishika mizizi baadaye kabisa, miaka ya 1920. Hilo halinipunguzii chochote. Kitu kilichokaa miaka mia moja mezani kwa watu kimeshakuwa chao.

Nne za kwanza huwakilisha mashirika ya watawa walioishi kwa kuombaomba, kwa kufuata rangi za mavazi yao: tini kavu ni Wafransisko, lozi ni Wakarmeli, zabibu kavu ni Wadominiko, jozi ni Waagostino. Kisha nugati nyeupe na nyeusi, tende, chenza, mapeasi, tufaha, zabibu mbichi, lile tikiti, na pompe. Nyumba nyingine huweka calissons za Aix, vile vibiskuti laini vya lozi na tikiti la sukari, au matunda ya sukari ya Apt. Sheria moja tu ndiyo isiyovunjwa, kwamba kila mtu aonje vyote 13, hata kwa chembe. Hapo ndipo nyumba inapogeuka ya furaha, kwa sababu kuna mtoto asiyependa tini na mzee asiyependa zabibu, na wote wanatazamana.

Pompe naiandikia aya yake kwa sababu ndiyo kazi ya mikono yangu. Ni mkate mtamu bapa wa mafuta ya zeituni. Hauna siagi wala yai. Usiku wa kuamkia tarehe 24 nauumua unga kidogo kwa hamira na maji vuguvugu. Asubuhi naongeza unga uliobaki ufike nusu kilo, sukari, mafuta ya zeituni kikombe kidogo cha chai, maganda ya chungwa yaliyokwanguliwa, na maji ya maua ya mchungwa, vijiko vitatu hivi. Unaukanda hadi uache kushika vidole, unauacha uumuke kwa saa kadhaa, unautandaza na kuupasua matundu marefu kwa kisu, kisha unaoka kwa moto mkali muda mfupi. Ukitoka, unaupaka mafuta tena ungali moto. Baada ya hapo kisu hakiugusi tena. Unamegwa kwa mkono, kwani anayeukata kwa kisu huitakia nyumba ufukara mwaka mzima. Harufu ya maji ya maua inapopanda kutoka kwenye joko, bibi hutaja halua na maji ya waridi, na mimi humwona mama yangu mzazi akikoroga sufuria uani.

Pompe huchovywa katika vin cuit, divai ambayo maji yake ya zabibu huchemshwa masaa mengi kwenye sufuria kubwa ya shaba kabla ya kuachwa ichachuke. Ni tamu, nzito, rangi ya asali iliyokolea. Mimi hunywa gilasi ndogo moja, pole pole, na sioni kinywaji kingine kinachoufaa mkate huo. Bibi na watoto huchovya kwenye maji ya zabibu. Wanadai yao ni tamu zaidi, na watoto wana haki ya kudai.

Watu huniuliza kama haya yote hayanitengi na kwetu. Mapadre wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo 1868, na babu zangu walibatizwa kule; nimekua nikisikia kengele zao. Lakini pilau ya Noeli ya mama haikutoka Ufaransa, na hakuna padri aliyeidai. Ninachokijua ni kwamba nikimpigia mama simu nikamweleza juu ya samaki wa chumvi, dengu, tende na watu wa ghorofa nyingine kuja kula, haniulizi kitu chochote. Anauliza tu kama chumvi ilitosha kutoka kwenye yule samaki.

Nyumba bado ina kazi. Kesho naanza kununua lozi za keki ya Mamajusi. Hapa Provence ni mkate laini wa mviringo wenye tundu katikati na matunda ya sukari juu yake. Kaskazini ni ule mkate wa matabaka wenye lozi ndani. Mume wangu hataki kusikia habari za ule wa kaskazini. Mimi naupenda mno, na mwaka huu nitaoka yote miwili. Mdogo ataingia chini ya meza kutaja kipande hiki ni cha nani, kile ni cha nani, na atakayekuta kisanamu ndani ya kipande chake atavaa taji la karatasi.

Pango litakaa hadi tarehe 2 Februari. Siku hiyo tutaamka gizani kwenda abasia ya Saint-Victor kuchukua mishumaa ya kijani, na tutarudi na navettes, biskuti ngumu zenye umbo la mtumbwi. Jioni yake Ufaransa nzima hukaanga crêpes. Bibi ameshauliza ni kitu gani, nikamwonyesha picha. Amesema hizo ni chapati za maji, nisijisumbue, atakuja na iliki yake na atazipika yeye.