Kinachochakaa Kwanza Katika Kamera za Filamu Zenye Kipima Umbali

Watu wengi wanaonunua kamera ya zamani ya filamu yenye kipima umbali, yaani ile ambayo mpigaji hulenga kwa kuoanisha taswira mbili ndani ya kidirisha badala ya kutazama kupitia lenzi yenyewe, huipima kwa mkono, huridhika na uzito wake, kisha huamini kwamba kitu kilichoundwa hivyo hakiharibiki. Imani hiyo ni kweli nusu. Shaba na chuma cha Leica M3, iliyotengenezwa Wetzlar, Ujerumani, kati ya 1954 na 1966, havina dalili ya kuchoka hata leo, na gia zake zikihudumiwa zitaendelea kuzunguka kwa miaka mingi. Vinavyochakaa ni vile vitu laini vilivyofichwa ndani ya chuma hicho: grisi, gundi, kitambaa, sponji, na utando mwembamba wa metali uliopakwa juu ya kioo.

Grisi ndiyo inayosumbua kamera nyingi zaidi, na husumbua zaidi zile ambazo hazikutumika. Kamera iliyolala kabatini kwa miongo kadhaa mara nyingi huwa na hali mbaya kuliko ile iliyopiga picha za harusi kila Jumamosi, kwa sababu mafuta yasiyosukwasukwa huwa mazito na kuanza kunata. Dalili huonekana kwanza kwenye kasi ndogo za shata, yaani kifaa kinachofungua na kufunga mapazia mawili ili mwanga uifikie filamu kwa muda uliowekwa. Weka sekunde 1, bonyeza, kisha sikiliza: shata yenye afya hutoa mlio mmoja mfululizo wa gia ndogo zinazozunguka kwa mwendo usiobadilika mpaka pazia la pili lifunge, ilhali iliyoganda huanza vizuri, husitasita katikati, na pengine hukwama kabisa. Kwangu mimi kasoro hiyo peke yake si sababu ya kuikataa kamera, maana fundi anayejua kazi yake ataifungua, ataisafisha na kuipaka mafuta mapya. Nisichokubali ni muuzaji anayedai kwamba kasi ndogo hazina matumizi. Mafuta yaliyoganda kwenye gia hizo kwa kawaida yameganda pia kwenye mihimili inayozungusha mapazia, na hapo kasi ya 1/1000 ya sekunde haiwi 1/1000 tena. Mapazia mawili hayafuatani kwa umbali uleule, na upande mmoja wa picha hutoka mweusi kuliko mwingine.

Mapazia yenyewe yana adui mwingine ambaye sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna budi kumwogopa. Kwa kuwa kamera hizi hazina kioo cha kuakisi kati ya lenzi na shata, jua likiingia kupitia lenzi iliyo wazi, iliyolengwa mbali, hukusanyika moja kwa moja kwenye kitambaa na kukitoboa, kama watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia. Tundu dogo kama ncha ya pini linatosha kuacha doa jeupe kwenye kila picha. Kinga yake ni rahisi: kifuniko cha lenzi kirudishwe kila mara kamera inapokuwa imening'inia shingoni mchana, au tundu la lenzi lifungwe hadi f/16, yaani liwe dogo sana. Canon waliliepuka tatizo hilo kwa kutumia mapazia ya chuma cha pua, kama yalivyo kwenye Canon 7 ya 1961. Hayaungui hivyo, ila hukunjamana yakiguswa na kidole, na nyingi sokoni zina mikunjo hiyo, ingawa kwa kawaida zinaendelea kupiga picha nzuri. Contax II ya 1936, na Kiev za Kisovieti zilizotokana nayo, zina vibapa vya metali vinavyoshikiliwa na tepe za hariri. Tepe hizo zikikatika, shata nzima inasimama.

Upande wa kioo, M3 ina udhaifu mmoja ambao mnunuzi anapaswa kuujua kabla ya kutoa fedha. Vipande vya prizimu (kioo kinachopindisha mwanga) ya kipima umbali chake viliunganishwa kwa gundi, na gundi hiyo iliyozeeka inaweza kuachia kamera ikipata kishindo, hata kidogo, na hapo sehemu ya kulengea hugeuka giza. Kutengeneza si jambo la bei nafuu. Kwenye kamera za bei ya chini, utando wa kioo hufifia polepole mpaka taswira ya pili isionekane vizuri. Ulinganifu wa kipima umbali nao hupotea kwa mitikisiko, lakini huo hurekebishwa kwa bisibisi: lenga mnara wa simu ulio kilomita kadhaa mbali, zungusha lenzi hadi alama ya umbali usio na mwisho, na taswira mbili zinapaswa kuwa moja, kwa ulalo na kwa wima.

Sponji sitaiongelea sana. Ile inayozuia mwanga kwenye mlango wa Canonet QL17 GIII ya 1972 hugeuka ute mweusi unaonata, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuibadilisha. Kinyume chake ni Yashica Electro 35, iliyoanza 1966, ambayo ina kipande kidogo cha mpira ndani kabisa ya mtambo wake. Kikimomonyoka, ule mlio mzito unaosikika wakati wa kuvuta filamu hutoweka, na mwanga wa picha hauwi sahihi tena.

Umeme ni habari nyingine. Betri za zebaki za volti 1.35 zilizotumiwa na Canonet zilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 1996, na za alkali za volti 1.5 hudanganya mita, yaani kipimo cha mwanga cha kamera. Mimi hutumia zile za zinki zinazowekwa kwenye vifaa vya kusaidia kusikia. Hata hivyo Canonet isiyo na betri bado hupiga picha kwa kasi zote, wakati Electro 35 hubaki na 1/500 pekee. Konica Hexar RF ya 1999 bila umeme haifanyi chochote, na Konica Minolta, kampuni iliyoirithi Konica, iliachana na kamera mwaka 2006. Kwa sababu hiyo, pamoja na uzuri wake, siwezi kumshauri mtu ainunue kwa matumaini ya kukaa nayo muda mrefu.

Leica M6 ya 1984 iko katikati: betri huendesha mita tu, na shata ni ya mitambo. Kasoro yake ni bamba la juu la zinki, ambalo huota malengelenge chini ya rangi, hasa kwenye hewa ya chumvi kama yetu. Ilipotolewa upya mwaka 2022, bamba hilo lilitengenezwa kwa shaba.