Panya wa kompyuta, wiki ya sita: kosa ambalo halikuwa kosa

Kwa anayeingia leo: naandika programu ndogo ya kuiga jinsi tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inavyoziendesha korodani za panya wa maabara. Panya mwenyewe hayupo, ni milinganyo na grafu tu.

Jaribio la kwanza lilipita bila matata. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Philip Smith aliwaondoa panya tezi hiyo, korodani zikasinyaa. Alipowapandikizia vipande vya pituitari, zikajaa tena. Nami nikaweka LH na FSH, homoni mbili za pituitari zinazoziamrisha korodani, kuwa sifuri, kila kitu kikaporomoka. Nikazirudisha: testosteroni, homoni ya kiume, ikapanda upesi, mbegu zikajivuta. Ndivyo inavyotakiwa, maana kwa panya mkubwa mbegu huchukua siku 52 hivi kuundwa, na hakuna homoni ya kuziharakisha.

Balaa lilianza Jumanne. Nilimchoma panya wangu testosteroni kidogo, nikitegemea mbegu ziongezeke. Zikapungua. Nikaongeza kidogo tena, zikazidi kupungua! Jioni nzima nikasaka alama ya kutoa iliyokaa pasipo pake, mstari kwa mstari. Alama zote zilikuwa sawa. Aliyekosea ni mimi. Testosteroni ya nje ikishajaa kwenye damu, ubongo na pituitari hubana LH. LH ikikosekana, seli za Leydig ndani ya korodani huacha kutengeneza testosteroni yao, na humo ndani kiwango cha kawaida ni makumi ya mara ya kile cha kwenye damu. Dozi ndogo inazima kiwanda bila kuziba pengo lake. Nikaipandisha dozi mpaka juu kabisa, mbegu zikarudi. Sijawahi kuifurahia grafu yenye umbo la bonde namna ile.

FSH nayo nilikuwa nimeitukuza mno: bila yenyewe, hakuna mbegu hata moja. Nimeishusha cheo. Panya wa jamii ndogo (mice) waliofutwa jeni ya FSH, walioripotiwa 1997, madume yao yana korodani ndogo na mbegu pungufu, lakini yanatia mimba vizuri tu. Sasa kwangu FSH inaamua zaidi idadi ya seli za Sertoli, zile zinazolea mbegu ndani ya korodani, utotoni, na idadi hiyo ndiyo inayoweka ukomo wa mbegu ukubwani.

Imebaki inhibini, breki ya FSH inayotoka kwenye seli hizohizo za Sertoli. Kila nikiiwasha, mstari wa FSH unaanza kuyumba juu chini. Nashuku ucheleweshaji niliouweka. Prolaktini, homoni nyingine ya pituitari, itasubiri.