Saa Sita ya Baltimore

Julai ile nilikuwa likizo nyumbani kwa mama, Ngamiani, Tanga. Kompyuta ya kazi niliiacha Maryland. Ina rekodi za hospitali za wazee wa Marekani, na masharti ya kazi yetu hayaruhusu zifunguliwe nje ya nchi ile. Mimi ni wakili. Nikiwa nyumbani kwangu huko, napitia rufaa za wanaopinga kunyimwa malipo na Medicare, bima ya afya ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1965 kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, kisha ikaongezewa watu wenye ulemavu. Rufaa zake zina ngazi tano. Mimi niko ya pili, ambako mgonjwa haitwi wala haonekani. Husomwa makaratasi tu. Faili moja laweza kuwa na kurasa mia kadhaa za maandishi ya wauguzi, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kusikia sauti ya hata mmoja wa wale niliowasoma.

Alhamisi moja jirani yetu aliingia na simu mkononi, hata hodi yake hakusubiri iitikiwe. Kaka yake alikuwa baharia zamani, akaishia Baltimore, na sasa alikuwa kituo cha uuguzi baada ya kiharusi. Binti wa kaka alikuwa ametuma picha ya barua.

"Nisomee, mwanangu. Wanamtoa?"

Barua ile ninaijua. Ilisema malipo ya bima yanakoma kesho yake, Ijumaa. Chini zaidi, kwa maandishi yasiyomvuta mtu macho, ilisema anayetaka rufaa ya haraka apige simu kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla ya malipo kukoma. Yaani siku hiyo hiyo. Majira ya joto, saa sita ya Baltimore ni saa moja jioni Tanga, na sisi tulikuwa tunakaribia saa kumi na moja.

Ilibidi nimweleze mipaka yangu. Rufaa ya namna hiyo huanzia kwa taasisi huru inayokagua ubora wa matibabu. Ikikataa, inayofuata huja ngazi yetu, pengine kwenye kampuni ileile inayoniajiri. Nikamwambia: mama, siwezi kuwa wakili wa kaka yako, wala kumpigia simu mtu yeyote huko kwa niaba yake. Naweza kukusomea kilichoandikwa na kukwambia sheria iliyo wazi kwa kila mtu.

"Basi soma," akasema.

Tukampigia kaka. Kiswahili chake kilikuwa bado cha Tanga kabisa, ingawa ulimi ulikuwa mzito upande mmoja. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema: "Hawa ndio wanaonigeuza kitandani usiku. Niwashitaki?"

Woga huo sijawahi kuukuta katika faili lolote, maana mwenye nao hakati rufaa, na asiyekata rufaa hafiki mezani kwangu. Nimeufikiria sana tangu siku ile.

Binti alieleza kwamba kituo kilisema baba yake hapigi hatua tena, yaani haonyeshi nafuu zaidi. Hapo nikaongea kwa uhakika. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho huko Vermont iliidhinisha makubaliano katika kesi ya Jimmo: kutopiga hatua peke yake si sababu ya kukata malipo. Kinachoulizwa ni kama mgonjwa anahitaji mtu mwenye ujuzi, hata kama ni kwa kuzuia hali isizidi kuharibika. Na siku zake zilikuwepo. Mtu akitoka kulazwa hospitali siku tatu au zaidi, Medicare yaweza kulipia kituo hadi siku 100, na 20 za kwanza hachangii kitu. Yeye hakuwa amefika hata nusu. Nikamwambia binti wanachohitaji kutoka kwa daktari: asiandike tu kwamba mgonjwa anahitaji muda, aandike nini hasa kitatokea tiba ikisimama. Mkono kukakamaa. Vidonda vya mgongo. Kupaliwa na chakula.

Dada yake akaichukua simu. "Kaka, hugombani na mtu. Piga uulize. Mimi nakungoja hapa."

Kabla ya adhana ya magharibi ujumbe ukaingia: amepiga mwenyewe, kutoka kitandani, na rufaa imepokelewa. Usiku huo nikamwandikia msimamizi wangu yote niliyoyasema na kwa nani, nikaomba faili la mzee huyo lisije kwangu kamwe.

Taasisi ile ina saa 72 za kuamua. Jumamosi ikaamua kwamba malipo yaendelee. Jirani alikuja kutuambia, akaketi, akanywa chai, kisha akauliza kama kituo kinaweza kuleta barua nyingine ya aina ile.

Kinaweza, nikamjibu. Kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameshampigia binti wa kaka: barua yoyote ikija, ipigwe picha siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane Tanga.